Baga Tatu Mpya: Nyali Imenikausha, Mtwapa Imenikamata

Kabla sijauma, sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Mnaona huu ukingo wa nyama ulivyokauka ukawa kama utandu wa wali? Nikiugusa kwa ukucha unavunjika. Sikilizeni... krak! Sasa katikati hapa, nibonyeze kidogo tu, ona mafuta yanavyonichuruzika mpaka kwenye bangili. Haya, ikumbukeni picha hiyo, kwa sababu mpaka kufika hapa nimekula baga mbili nyingine, na moja imenigombanisha na mkoba wangu.

Assalamu aleikum, hamjambo nyote? Niko Mtwapa. Najua, ukishavuka daraja umetoka Mombasa umeingia Kilifi, msinitumie ramani. Watu wa Shanzu na Bamburi wanakuja kula huku kila wikendi na hakuna anayeulizwa kaunti yake.

Leo ni baga, na ni sehemu tatu zilizofunguliwa juzijuzi: mgahawa Nyali, dirisha la familia moja Mji wa Kale, na hii baa. Kote nimelipa mwenyewe, na sikumwambia mtu nakuja na kamera. Majina siyataji. Mtu aliyefungua wiki tatu zilizopita bado anapigana na gesi na mpishi wake, si haki nimtangaze kwa siku moja mbaya. Na aliyefanya vizuri naye angoje, nirudi tena nione kama hakubahatisha.

Tuanze Nyali. Pazuri, sitasema uongo. Taa za vikapu, kiyoyozi, viti ambavyo ukikaa unaona haya kuinuka. Baga ikaja imesimama juu ya kibao, ndefu, imedungwa kijiti ili isianguke. Nikaizungusha, nikaitazama huku na huku. Jamani, mdomo wangu ni wa binadamu, si wa kiboko. Ikabidi niivunje kwa kisu: mboga hapa, nyanya pale, yai la kukaanga, chizi vipande viwili, vitunguu vilivyopakwa unga, sosi mbili. Nyama ikawa huko chini kabisa, imejificha kama mwenye deni. Nikaitoa, nikaila peke yake. Kavu. Nikanywa maji, nikaila tena. Kavu vile vile.

Hapa nataka tusikilizane kidogo, maana ndiyo habari yote ya leo. Ng'ombe wetu wengi ni hawa wenye nundu, wanaotoka Tana River au ranchi za Taita. Ng'ombe huyo amekula nyasi na ametembea maisha yake yote. Nyama yake tamu, lakini ndani haina mafuta mengi. Kwa pilau au mchuzi hakuna neno, inatokota taratibu mpaka inalainika. Lakini ukichukua paja tupu ukalisaga, ukaliweka juu ya chuma cha moto, maji yote yanakimbia unabaki na kitu cha kusugulia sufuria. Wapishi wengi wa baga wanataka mafuta yawe kama sehemu moja katika tano. Pale Nyali mafuta sikuyaona hata kwenye sahani.

Na asiniambie mtu ilikuwa kavu kwa sababu niliomba iive. Kweli, weita aliniuliza, kijana mwungwana sana: "Dada, nyama tuifanye vipi? Wengine huitaka nyekundu ndani." Nikamwambia iive yote. Steki ni kipande kizima, vijidudu vinakaa juu na moto unavipata. Nyama ya kusaga, kilichokuwa juu kimeshachanganywa ndani. Wamarekani wenyewe, ambao baga wameifanya kama ugali wao, wanaambiwa na serikali yao ifike digrii 71 katikati. Na hii ya Mtwapa niliyoishika hapa imeiva yote, tazama, haina wekundu hata chembe, na bado inanichafua mkono. Kwa hivyo moto usisingiziwe.

Halafu risiti. Menyu inasema 1,150. Risiti inasema 1,357. Kumbe chini ya menyu, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi: VAT asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2 havijajumuishwa. Na chipsi ni kando! Nyali, kwaherini.

Mji wa Kale sasa. Ni mama na mwanawe, wanauzia dirishani, mia nne na hamsini. Nikamwona Bi mkubwa akiikanda ile nyama kwa dhania, kitunguu thomu, pilipili mbichi, yai, chembe za mkate na chumvi. Anaikanda kweli kweli, kama unga wa chapati. Nikajua tayari. Nyama ya kusaga ukiitia chumvi mapema ukaikanda sana inashikana, inakuwa na mdundo kama soseji. Ladha iko juu, wallahi, lakini hiyo ni kababu. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, hii si kababu?" Akanitazama juu ya miwani yake. "Na hiyo baga ni nini, mwanangu? Si kababu iliyotiwa mkate?" Mwanawe akacheka mpaka akaangusha mwiko. Mimi jibu sikuwa nalo.

Lakini mkate! Bofulo la asubuhi hiyo, amelipasua, amelipaka samli, amelilaza upande wa ndani juu ya makaa mpaka likapata michirizi. Na mahali pa tomato sosi kaweka ukwaju, mzito, wenye tende na pilipili, juu yake achari ya embe. Ukwaju unakata mafuta, achari inakushtua, na samli inakuomba msamaha. Kama mimi ndiye ningekuwa natoa tuzo ya sosi, ningefunga mashindano hapo hapo dirishani.

Kosa lilikuwa langu. Nilitaka picha nzuri, nikachukua nyingine ya kubeba, nikapanda tuktuk hadi bustani ya Mama Ngina nikale nikitazama meli zikiingia Kilindini. Mnaijua joto ya Mombasa. Baga moto, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, mvuke hauna pa kwenda. Nilipofungua, lile bofulo la fahari lilikuwa uji. Kwa hivyo ukienda kwa Bi mkubwa, kula barazani. Paka wa pale watakusindikiza.

Haya, turudi hapa Mtwapa. Ni baa, kelele mnazisikia, spika iko karibu na sikio langu. Mimi sinywi, nimeagiza soda, na hakuna aliyenikunjia uso. Swali langu la kwanza kwa yeyote anayekwenda baa kula nyama: nyama inatoka bucha gani, na bekoni inakaangwa kwenye bamba hilo hilo? Usione haya kuuliza. Hapa weita hakubuni jibu, aliingia jikoni akatoka na mpishi mwenyewe. Bekoni hawana kabisa, nyama ni ya bucha la halali hapa mtaani. Nikamuuliza, na mafuta haya yote umeyatoa wapi? Akatabasamu. "Nundu, dadangu."

Nundu! Ile ile ambayo kwa kawaida inaishia kwenye supu au inanyakuliwa na wazee wanaojua mambo. Anaisaga pamoja na kidari. Haikandi, anaviringa kitonge chepesi tu, anakitupa juu ya bamba linalofuka, anakikandamiza mara moja, nguvu zake zote, hapo mwanzo. Chumvi anainyunyiza juu wakati huo, si kabla. Baada ya hapo hakigusi mpaka kipande kiachie chenyewe. Ndiyo maana ukingo ule umevunjika krak. Vipande viwili vyembamba, chizi moja katikati, kitunguu kibichi, basi. Mia saba, na chipsi ndani, na risiti imesema mia saba.

Chipsi zenyewe, tusipoteze muda. Mafuta yamechoka, yamekaanga samaki tangu sijui lini. Binamu yangu anayeshika kamera amezila zote, lakini huyo hula hata zilizoanguka. Mkate ni wa dukani, mtamu kuliko inavyohitajika. Na sosi ni ile ya waridi ya mayonezi na tomato, haina jambo inalosema.

Ila mimi ni mtoto wa Pwani. Ngoja... iko wapi... hii hapa. Chupa ya ukwaju wa Bi mkubwa, hamsini tu, imekaa mkobani tangu Mji wa Kale. Mpishi asinione. Nafunua hapa juu, namimina kidogo, naongeza kidogo tena, nafunika. Bismillahi.

...

Binamu, zima kamera. Zima bwana, nile.