Mbao za mabua ya mpunga kwa kabati: uzoefu wangu Bukavu

Nimezitumia kwa kabati za jikoni, rafu na milango ya ndani. Ubao una unene wa milimita 16, mita 1.22 kwa 2.44, na mabua yake yametoka tambarare ya Ruzizi. Kwa rafu za chumbani naukubali. Chini ya sinki, hapana, hata ukipewa bure.

Ubao huu ni mabua yaliyobanwa pamoja kwa gundi, na kila kitu kiko kwenye gundi hiyo. Bua la mpunga lina nta kwa nje na silika nyingi, yaani madini magumu kama ya mchanga, kwa hiyo gundi ya yurea-fomaldehidi, ile ya chipubodi za kawaida, haishiki vizuri. Watie hata asilimia 10 ya uzito wa mabua, ubao bado utakuwa dhaifu. Gundi ya isosianati hushika kwa asilimia 3 au 4 tu. Ni ghali, tena hunata hata kwenye sahani za chuma za mashine inayobana ubao, ndiyo maana kiwandani wanazipaka dawa ya kuachanisha. Ukiona mabaka yanayong'aa usoni, ndiyo hiyo dawa. Rangi haikai hapo mpaka upige msasa wa namba 120.

Shehena mbili nilizochukua hazikufanana, ingawa muuzaji aliapa ni kitu kilekile. Sasa nakata kipande cha sentimita 10 kwa 10 na kukipima: gramu 100 hadi 110 ni sawa, chini ya 90 narudisha. Halafu nakiloweka saa 24. Cha shehena ya kwanza kilivimba kutoka milimita 16 hadi 18. Cha pili kilifika 21, kingo zikafumuka kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Pigapiga pia katikati ya ubao kwa kifundo cha kidole. Mlio wa uwazi maana yake mabua yaliingia kwenye mashine yakiwa na unyevu, mvuke ukanaswa ndani, na mashine ilipofunguliwa ubao ukaachana katikati. Usoni huoni kitu.

Silika hula meno ya msumeno. Diski ya chuma cha kawaida huanza kuchoma ubao na kutoa moshi mapema sana. Weka yenye ncha za kabidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, na uvae barakoa, vumbi lile ni baya kwa mapafu.

Skurubu hushika vizuri usoni, lakini ukingoni hupasua. Kwa skurubu ya milimita 4 natoboa kwanza kwa milimita 3 na kutia gundi nyeupe tunduni. Kona naziunga kwa vijiti vya mbao vya milimita 8. Kingo zote hupata vanishi mara mbili, hasa ule unaogusa ukuta, kwa sababu mvua za Septemba zikianza unyevu huingilia pale pasipoonekana.

Rafu ya vitabu isizidi sentimita 60 bila mhimili. Ile ya 90 ilishuka tumbo kabla ya miezi mitatu.