"Iko kitambaa tu, mama": zawadi yangu ya mshono kwa boti, Bukavu hadi Goma

Naanza na nyota moja kwa shirika la boti lililobeba zawadi yangu. Nikifika mwisho huenda nikaongeza, huenda nikaiondoa hata hiyo moja. Hasira bado ninayo.

Sisi tunaotarizi kwa mshono wa msalaba ni wachache. Hapa Bukavu tunajuana karibu sote, wengine wako Goma, na wawili wako mbali kabisa, Lubumbashi. Mara moja kwa mwaka tunapiga kura. Jina unaloliokota ndilo unalolishonea zawadi, na mwenye jina hajui chochote mpaka koli, yaani kifurushi, imfikie. Dukani hanunui mtu. Kila msalaba uwe umetoka mkononi mwako, hilo ndilo sharti pekee tulilowekeana.

Safari hii niliokota jina la mama mmoja wa Goma, anayekaa Katindo. Uso kwa uso hatujaonana hata siku moja. Nilichojua ni kwamba analipenda ziwa letu, Kivu, na kwamba mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakaambiwa waondoke, alikuja huku kwetu kwa boti na watoto wake na begi moja. Ndani ya begi hilo alitia nguo za watoto na nyuzi zake. Mtu akiniambia alikimbia volkeno akabeba nyuzi, huyo kwangu ni ndugu.

Basi nikamshonea ziwa. Mchoro niliuchora mwenyewe kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, mraba mmoja msalaba mmoja. Kwa nyuma kisiwa cha Idjwi, kijani kilichokolea. Mbele mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, kama wavuvi wetu wanavyoifunga, na taa inayowaka usiku kuwavuta sambaza, wale samaki wadogo. Miraba 100 upana, miraba 120 urefu, na sikuacha tundu lolote wazi, hata maji niliyajaza yote. Hiyo ni misalaba 12,000, na kila msalaba ni mishono miwili ya mshazari, mmoja unalala juu ya mwenziwe, na ule wa juu lazima uelekee upande mmoja kuanzia kona hii hadi kona ile. Ukigeuza mmoja tu, mwanga unaugonga vibaya na jicho linauona. Nikiwa na umeme na macho hayajachoka, namaliza misalaba 100 kwa saa. Saa 120, basi. Nilishona usiku wajukuu wakishalala, na umeme ulipokatika nilimwomba mkubwa wao anishikie tochi ya simu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa Aida, kile kilichofumwa kwa matundu sawasawa kwa ajili ya mshono huu, matundu 14 kwa inchi, kipande cha mwisho nilichobaki nacho kati ya vile alivyoniletea ndugu yangu kutoka Ubelgiji. Hapa sokoni hukipati. Nikimaliza kazi yote hiyo, kinachobaki mkononi ni kitu cha sentimita 18 kwa 22, kinaingia kwenye bahasha. Labda shida yote ilianzia hapo. Watu wakiona kitu kidogo wanadhani na kazi yake ilikuwa ndogo.

Posta ya kukufikishia kitu mlangoni hatuna. Barabara ya Minova na Sake, ile ya nchi kavu kwenda Goma, kila mtu anajua ugumu wake. Zamani tulikuwa tukimpa msafiri komisio, yaani kumtuma atubebee, lakini msafiri naye ana mizigo yake na mambo yake. Nikaenda bandarini, kwa shirika moja la boti ambalo sitalitaja jina. Kijana wa mezani akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia. Akauliza thamani. Hapo nilinyamaza, kwa sababu sijawahi kuulizwa. Kabla sijajibu yeye mwenyewe akaandika: *kitambaa 1, 5 $*. Sikubishana, na hilo linaniuma hadi leo. Ningebishana pale pale.

Nilikuwa nimekifunga kwa mifuko mitatu ya plastiki na utepe wa gundi, na juu nimeandika kwa herufi kubwa kwamba kisilowe. Wakasema lazima wafungue wakague. Fungueni, nikasema, ila mfunge tena. Akaitikia ndiyo huku akiongea na simu.

Keshoye jioni mama wa Katindo akanitumia picha. Mifuko ilikuwa wazi. Koli ilisafiri sakafuni, chini ya ndoo za sambaza, na maji ya samaki yakaingia. Ile taa, misalaba michache tu ya rangi nyekundu, ilikuwa imechuja. Wekundu umetambaa juu ya maji ya buluu kama damu kwenye bandeji. Niliitazama picha ile nimesimama jikoni, nikazima jiko, chakula hakikuiva usiku ule.

Nilirudi bandarini na resi yangu, ile risiti. Kijana alikuwa yule yule. Nikamwonyesha picha. Aliitazama sekunde mbili, akanirudishia simu.

"Iko kitambaa tu, mama. Utashona ingine."

Nikamwuliza kama ana mama. Akasema anaye. Nikamwuliza mama yake anafanya kazi gani. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Ona, mama analia juu ya kitambaa." Ni kweli nilikuwa nalia. Mkubwa wao akatoka nyuma, mtu wa sauti ya chini, akanieleza kwamba fidia yao inafuata kilichoandikwa kwenye karatasi. Akanihesabia dola tano juu ya meza. Dola tano kwa saa 120 ni senti nne kwa saa, na hapo bado sijahesabu Aida wala uzi. Sikuzigusa. Niliziacha pale mezani, nikatoka, nikapanda kwa miguu mpaka Nyawera kwa sababu sikutaka motari, dereva wa pikipiki, anione uso.

Njiani nilikuwa namjibu kijana yule kwa sauti, watu wakinitazama. Kitambaa tu! Katika nchi hii hii, huko Kasai, kitambaa cha rafia kilikuwa mali. Kililipia mahari, kililipia makosa, na mtu mkubwa akifa alizikwa navyo. Kwa Wakuba, watu wa huko, mwanamume hufuma, mwanamke hutarizi juu yake, na kipande kimoja kinaweza kumla miezi. Wazungu wakavichukua, wakaviweka kwenye majumba ya makumbusho nyuma ya vioo, na hakuna anayevisogelea na ndoo ya samaki. Wewe uliyezaliwa na mama, uliyevikwa nepi iliyokunjwa kwa mkono, unaniambia kitambaa tu.

Nyota moja ni nyingi.

Lakini kuna jambo lazima niliseme, maana wenzangu watarizi watasoma na wao hawadanganyiki. Uzi wangu karibu wote ni DMC, ule wa Ufaransa, ambao namba yake inaaminika: 310 ni nyeusi ukiwa Bukavu, na ni nyeusi ukiwa Lubumbashi. Ila 321, ile nyekundu, iliniishia nikiwa katikati ya taa, nikamalizia na uzi wa sokoni usio na namba. Uzi mwekundu usioujua unauchovya kwanza kwenye maji, kisha unaubana ndani ya kitambaa cheupe uone kama unachuja. Najua hivyo tangu masera, mtawa aliyetufundisha broderi, kutarizi, nikiwa msichana. Sikufanya, nilikuwa na haraka ya kuwahi boti. Kwa hiyo anayesema kosa ni langu pia, nakubali nusu. Nusu tu. Uzi mkavu hauchuji, na wao ndio walioulowesha.

Na boti yenyewe? Boti iliondoka kwa wakati na kufika kwa wakati. Nauli ya koli haikuwa kubwa. Mkubwa wao aliongea nami kwa adabu. Mambo haya yangeniridhisha siku nyingine yoyote.

Mama wa Katindo hakungoja nimweleze la kufanya. Usiku ule ule, kabla hakijakauka, alikitia kwenye maji baridi, akabadilisha maji, akatia tena, akabadilisha tena, mpaka maji yakawa meupe. Hakusugua, hakutumia maji ya moto, hakukikamua. Asubuhi alikilaza kifudifudi juu ya taulo, akapiga pasi kwa nyuma. Harufu ya samaki ikatoka, na wekundu mwingi ukatoka pia. Kumebaki wingu la waridi kuzunguka taa na kushuka kwenye maji. Nikampigia kumwomba radhi, nikamwambia anirudishie nifumue sehemu ile nishone upya. Akakataa katakata. Kwanza akaniambia amegeuza nyuma, hakuona fundo hata moja. Ndivyo tulivyo sisi, zawadi tunaisomea mgongoni. Kisha akasema:

"Dada, hii njo Nyiragongo. Usiku tunaonaka ziwa hivi, mlima ukiwaka."

Nilimkatalia moyoni. Mimi sikushona Nyiragongo. Nilimshonea ziwa lililotulia kwa makusudi, yeye ambaye mlima ule ulimtoa nyumbani. Nilidhani ananifariji tu, na hasira yangu kwa kijana wa bandarini ikaongezeka, kwamba amemlazimisha mtu wa Goma kunifariji mimi. Lakini ameshakitia kwenye fremu. Kipo sebuleni kwake, mkabala na mlango. Amenitumia picha mara tatu, na kila mara najikuta naangalia lile wingu kwanza.

Baada ya wiki chache akanitumia zawadi yake, na alitumia shirika lile lile! Nilikuwa nimemkataza. Akasema boti zilizobaki siku ile zilikuwa zimejaa. Nilishuka bandarini nikiwa nimeshajiandaa kugombana. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Mbebaji mmoja, kijana mdogo kuliko yule wa mezani, akaniuliza jina, akafungua zipu ya koti lake akatoa koli yangu kifuani.

"Mama, niliona imeandikwa isilowe. Mvua ilikuwa inapiga tangu Idjwi, njo nikaitia mu koti."

Ilikuwa kavu kama imetoka kabatini. Ndani kulikuwa na kimto cha kutunzia sindano, waridi nyeupe na majani, misalaba imelala upande mmoja yote. Nilimshika kijana yule mikono miwili, nikakosa la kusema. Nilitaka kumpa kitu akakataa, mpaka nilipomlazimisha anunue chai. Huyo mbebaji, kama ningeruhusiwa kumpa yeye nyota peke yake, angezichukua zote tano. Ndiyo maana sijui niandike nini juu ya shirika hili. Mezani wana mtu ambaye singependa amhudumie hata jirani ninayegombana naye, na kwenye boti wana mtoto anayeweka kazi ya mikono ya watu kifuani mwake.

Jana nimetuma tena kwa mama yule. Kura haijafika, nimetaka tu. Safari hii ni kazi ndogo, saa 40, juu ya pamba ya kawaida ambayo nyuzi zake nimezihesabu kwa macho kwa kuwa Aida sina tena. Nyekundu zote nimezichovya. Kijana wa mezani alinikumbuka, nilimwona usoni.

"Thamani?"

"Dola 40."

"Ya kitambaa?"

"Andika."

Akaniambia nikitangaza kiasi hicho nitaongeza dola mbili za bima. Nikazitoa. Akaandika, akanisukumia karatasi: *kitambaa 1, 40 $*. Nikamrudishia, nikamwomba afute neno la kwanza. Akanitazama. Nyuma yangu watu watatu walikuwa wanangoja, mmoja ana kuku. Nikasema, "Mwanangu, mimi sina haraka." Akakata neno kwa kalamu, juu yake akaandika *kazi ya mukono*, akapiga muhuri.

Nilisimama pale mpaka nikaona wanafunga mifuko yote mitatu. Boti imeondoka leo asubuhi. Nyota nitaziweka mama wa Katindo akinipigia simu.