Kopo la uwatu la elfu thelathini na tano

Nilinunua hizi kapsuli baada ya Idi, wiki ileile sukari yangu ya asubuhi iliposoma 8.4 kabla sijatia kitu mdomoni. Aliyeniuzia ni kijana anayezunguka na begi maofisini hapa Mtwara mjini. Kopo lina kapsuli 60, shilingi 35,000. Nyuma limeandikwa uwatu, mlonge na mdalasini, miligramu 500 kila kapsuli, meza mbili kwa siku.

Uwatu umo kweli, hilo silikatai. Wiki ya pili wifi yangu alinisogelea akauliza, "Wifi, umeshinda unapika kashata?" Jasho lote lilinuka uwatu, mpaka kanga. Tumbo lilijaa gesi siku tatu nne, likatulia.

Kilichoniudhi ni hesabu. Mbegu ya uwatu inasaidia kwa sababu ya ule utelezi wake, unaochelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Utelezi huo unataka gramu za kutosha. Wengi waliojaribiwa kitaalamu walipewa gramu 5 kwa siku na kuendelea. Mimi nilikuwa nameza gramu 1, tena imegawanwa na mimea mitatu! Kopo zima ni gramu 30. Sokoni uwatu wa buku moja unazidi gramu hizo. Naloweka kijiko usiku, asubuhi mbegu zimevimba, maji yanavutika kama mlenda. Chungu, lakini unajua unachokunywa.

Baada ya miezi miwili nilisoma 7.3. Nisiseme uongo: miezi hiyohiyo niliacha sukari kwenye chai na nikapunguza ming'oko ya kuchemsha, viazi pori vya huku kwetu (huo ndio mtihani wenyewe, muulize mtu yeyote wa huku). Na metformini, dawa yangu ya kisukari, sikuiacha. Kijana alinisihi, "Mama, achana na hizo kemikali, zitakumaliza figo." Nilipomwambia daktari alicheka. Akasema hiyo metformini asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, na Ufaransa wameitumia kwa kisukari tangu 1957. Ila akanionya nisinywe uwatu na dawa kwa pamoja, nipishanishe saa mbili hivi, na kwamba anayetumia glibenklamidi (kidonge kingine cha kisukari) au sindano ya insulini asiuguse bila kumwambia daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla.

Kopo la pili sikununua. Lile la kwanza natilia uwatu wa sokoni. Mfuniko wake unakaza vizuri, sisimizi hawapiti.