Alamu ya moshi, blanketi la moto na mtungi wa kuzimia moto: nimevijaribu kabla ya sikukuu

Haya jamani karibuni tena, leo mezani nina vitu vitatu na nimetaka tuongee mapema, maana sikukuu ndo nyumba inajaa watu, jiko linawaka toka asubuhi, mishumaa huku, taa za mapambo kule, ekstensheni moja imebeba mzigo wa nyumba nzima, na mwenye nyumba akili yote iko kwa wageni.

Tuanze na hii nyeupe ya duara, alamu ya moshi. Ziko za aina mbili na wauzaji wengi hawakwambii. Kuna ya mwanga, moshi ukiingia ndani unautawanya ule mwanga, inalia. Alafu kuna ya ayoni, ndani yake kuna chembe za hewa zenye chaji ya umeme, moshi ukizivuruga inalia. Ya mwanga inawahi moto unaofuka polepole, mfano godoro au kochi lililodondokewa na sigara, ya ayoni inawahi moto wa miali mikali. Mimi nimefukiza kipande cha pamba kwenye bati chini ya zote mbili, ya mwanga ikapiga kelele, ile nyingine kimyaa mpaka mimi mwenyewe naanza kukohoa. Na moto wa kufuka ndo ule unaokukuta umelala fofofo, kwaiyo kama hela yako inatosha alamu moja tu, chukua ya mwanga.

Sasa angalieni hapa nyuma, nasogeza kamera... mnaiona hiyo tarehe? Hii ya ayoni niliuziwa kama mpya kumbe imetengenezwa miaka 6 iliyopita, na alamu hizi maisha yake ni miaka 10 kuanzia kutengenezwa, sio kuanzia siku uliyoinunua wewe. Iliniuma sana. Geuza usome kabla hujalipa.

Ifunge darini, kwenye korido nje ya vyumba vya kulala, na iwe walau mita 3 kutoka jikoni, la sivyo kila ukikaanga kitu inalia, utachoka, utachomoa betri, na hapo ni kama huna alamu kabisa.

Cha pili blanketi la moto, hili nimelipenda. Ni kitambaa cha nyuzi za kioo, langu mita 1 kwa mita 1, linatosha sufuria ya mafuta iliyoshika moto. Vuta hizi kamba mbili, kunja ncha zifunike vidole, lishushe taratibu kuanzia upande wako ili miali iende mbele isikurudie usoni, zima jiko, usilifunue! Liache mpaka sufuria ipoe kabisa, mafuta yakiwa bado ya moto ukifunua yanawaka upya. Na nawaomba jamani, maji hapana. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke papo hapo na kuvimba mara 1,700 hivi, yale mafuta yanarushwa juu yakiwa yanawaka. Kasoro moja, mfuko wake umebana, nimevuta mara mbili ndo likatoka, kwaiyo fanyeni mazoezi. Litundike karibu na mlango wa jikoni, sio juu ya jiko, utalifikiaje sasa?

Cha tatu mtungi wa kuzimia moto, huu wa unga wa kemikali wa kilo 1, ni mzuri ila unaisha ndani ya sekunde 10 hivi, lenga kwenye shina la moto, na mshale wa kipimo chake cha presha uwe kwenye kijani. Usiutegemee kwa sufuria ya mafuta, ile kasi ya unga inaweza kuyarusha.

Ngoja, kabla sijasahau, oneni hii plagi ya ekstensheni yangu, huu mguu mmoja umekuwa kahawia na plastiki imelainika. Hii ilibeba birika la umeme, pasi na taa za mapambo kwa pamoja, mimi nipo sebuleni napiga stori, ni mtoto ndo aliyesema kuna harufu. Nikiiangalia mpaka leo mwili unasisimka. Ekstensheni usiichomeke kwenye ekstensheni nyingine, ile ya waya wa kuzungushia kwenye gurudumu ikunjue yote maana ikiwa imejiviringisha inapata moto, taa za mapambo zima ukienda kulala, mshumaa uwe sentimita 30 kutoka pazia na chochote kinachowaka.

Haya napanda kwenye ngazi niifunge hii ya mwanga, ile ya miaka 6 nairudisha dukani. Nabonyeza kitufe cha majaribio, nanyi mkishafunga zenu mbonyeze kila mwezi... mmeisikia hiyo? Mlango wa chumba cha watoto umefungwa na wameamka wote.