Toyota 86 na pua iliyokataa kona: uzoefu wangu wa miezi kumi

Kabla sijalipia hili gari, kila niliyemuuliza alinitisha na mkia. Linasukumwa na matairi ya nyuma, ni jepesi, ni fupi, utazunguka kama pia, wakasema. Mimi mtoto wa Tanga niliyejifunzia udereva kwenye Hiace, nikaingia na woga huo huo. Mkia haukunisumbua hata siku moja. Kilichonitoa jasho ni pua.

Gari lenyewe ni la 2015, gia za mkono, nililinunua Sharjah, huku Falme za Kiarabu, kwa mtu aliyekuwa anahama. Injini ni ile ya lita 2.0 yenye pistoni zilizolala ubavu, nguvu farasi 200, imekaa chini kabisa ya boneti. Uzito wote unacheza kwenye kilo 1,250, na mbele kuna zaidi kidogo ya nusu, kama asilimia 53. Kwa karatasi hizo nilidhani kazi yangu ni kugeuza usukani tu, mengine gari litamaliza.

Novemba nikalipeleka Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari, jioni, joto limeshashuka. Mzunguko wa pili, kona ndefu ya kulia, nimegeuza usukani na gari bado linakwenda kule kule lilikokuwa linakwenda. Nikaongeza usukani. Halikusikia. Nikaongeza tena, mikono imeshapishana, matairi ya mbele yanalia, na usukani umekuwa mwepesi ghafla kama umekatika huko chini. Nikapanda ukingo wa rangi, nikaishia pembeni kwenye lami ya ziada, mzima, lakini uso umenishuka. Hiyo ndiyo andastia: tairi la mbele limeshindwa, gari linachora duara kubwa kuliko lile uliloliomba.

Nikafanya kosa la wengi, nikakimbilia dukani. Karakana moja ikaniuzia stebilaiza nene ya mbele, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona, kwa dirhamu 900, eti gari "litashika chini". Kweli liliacha kulala kwenye kona, na pua ikazidi ukaidi! Baadaye nilielewa kwa nini. Kwenye kona uzito hukimbilia tairi la nje. Ukikaza stebilaiza ya mbele, unalitwisha tairi la nje la mbele mzigo mkubwa zaidi, nalo ndilo lililokuwa limeelemewa tangu mwanzo. Kama ni kukaza, nilitakiwa kuanzia nyuma, tena kwa tahadhari. Hili sikuambiwa na muuzaji.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kiomani, ukoo wao ulitoka Unguja, Kiswahili chake kinanipita mimi. Anakuja uwanjani na Mazda MX-5 kuukuu na anawapita watu wenye magari ya bei mara tano ya lake. Nikamwambia, "Ami, gari langu halikati kona."

"Halikati, au wewe huliachi likate?"

Akaingia kushoto? Hapana, huku usukani uko kushoto, akakaa kulia kwangu, akafunga mkanda, akanyamaza mizunguko miwili mizima. Tulipotoka akasema, "Mwanangu, mguu wako wa kulia una haraka kuliko macho yako. Unaachia breki yote kwa mpigo mmoja, unageuza, halafu unakanyaga mafuta kabla pua haijafika. Sasa hiyo pua ishike kwa kitu gani?"

Hapo ndipo ilipo siri yote. Tairi hushika kwa kadiri lilivyokandamizwa. Ukifunga breki, uzito unakuja mbele na matairi ya mbele yanapata nguvu ya kugeuza. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma, pua inanyanyuka, na mshiko wa mbele unapungua wakati ule ule unapouhitaji. Kwenye gari la kusukumwa nyuma watu hudhani mafuta huleta mkia tu. Mafuta kidogo, mapema mno, huleta pua kwanza. Mkia ni wa wale wanaozidisha.

Alinifundisha kufunga breki gari likiwa limenyooka, kisha kuiachia kidogokidogo huku nikigeuza, ili uzito ubaki mbele mpaka gari lielekee ndani. Halafu kusubiri. Kusubiri huku ni kugumu kuliko unavyofikiri. Ni kama nusu sekunde, lakini mguu unawasha. Mafuta yanaingia pale unapoanza kurudisha usukani, si kabla.

Na kama pua imeshateleza? Mikono yote inakutuma uongeze usukani, na hapo ndipo unapojimaliza. Tairi lina pembe yake ambayo likishaivuka haliongezi kitu, linaburuzwa tu na kuunguza mpira. "Tairi halina tena la kukupa," alisema ami, "lirudishie usukani kidogo." Unapunguza mafuta taratibu, unarudisha usukani kidogo, unasikiliza. Usukani ukipata uzito tena mkononi, ujue pua imeshika, sasa omba tena. Mara ya kwanza nilihisi kama nalipeleka gari nje kwa makusudi. Likashika.

Tahadhari moja niliyoilipia: usiachie mafuta yote ghafla. Nilifanya hivyo wiki ya tatu, usukani bado nimeukunja hadi mwisho. Uzito ukaja mbele kwa pigo moja, pua ikashika yote, nyuma ikabaki tupu, nikageuka mzima mzima nikawatazama waliokuwa wakinifuata. Ule mkia niliotishwa nao ulikuja hatimaye, na aliyeuita ni mimi.

Baada ya mguu kutulia ndipo nikagusa vyuma. Nilianza na upepo, kwa sababu ni bure. Nilikuwa natoka nyumbani na psi 35 kila tairi, narudi kutoka kwenye mizunguko nakuta 42 mbele. Tairi lililojaa hivyo linasimamia katikati tu. Nikawa napunguza mbele yakiwa moto mpaka 36, na tofauti niliisikia kona ya kwanza. Ukimaliza, jaza tena kabla ya kurudi barabarani. Kwa joto la Agosti huku, tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo wa barabara kuu ni hatari.

Halafu alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Hii ndiyo pesa iliyonirudia zaidi kuliko yote. Mashine ilionyesha matairi ya mbele yamesimama wima, karibu sifuri, huku ya nyuma yamelalia ndani zaidi ya nyuzi 1. Si ajali wala uchakavu, ndivyo 86 linavyotoka kiwandani. Watengenezaji wengi wa magari hupendelea pua ishindwe kabla ya mkia, kwa sababu dereva wa kawaida akiogopa huachia mafuta, na kwa andastia ya kawaida hilo humsaidia. Fundi alinibadilishia boliti za mbele zenye kisigino, zile zinazoruhusu kulaza tairi, akafikisha nyuzi 1.5 kila upande. Gari likawa lingine. Ukingo wa nje wa tairi, uliokuwa unaliwa kama sabuni, sasa unaisha sawa na wenzake.

Matairi nilibadilisha mwisho. Niliyoyakuta yalikuwa ya zamani, na ubavuni zile tarakimu nne za wiki na mwaka zilionyesha yametoka kiwandani miaka sita nyuma. Nikaweka Michelin Pilot Sport 4, nikapanda kutoka upana wa milimita 215 hadi 225. Yanashika vizuri sana. Nakiri gari limepoteza utani kidogo, kwani 86 la mwanzo lilitoka na matairi ya aina moja na yaliyofungwa kwenye baadhi ya Prius, membamba makusudi ili dereva acheze kwa mwendo mdogo. Anayetaka kujifunza ningemshauri asikimbilie mpira mkali. Tairi la kawaida humwonyesha kosa lake mapema, akiwa bado kwenye mwendo wa kusameheka.

Haya yote ni ya uwanjani. Barabarani ile swichi ya kuzima mfumo wa kuzuia kuteleza siigusi. Pua ikigoma, gari lenyewe hupunguza nguvu na kushika breki ya gurudumu la nyuma la ndani ili kulivuta lirudi. Na huku kuna kitu Tanga hatukijui sana: mchanga. Upepo ukivuma usiku, asubuhi kipilefti kina utando mwembamba usioonekana, na ukiingia kwa mwendo wa jana unanyooka nao. Hapo hakuna ufundi, ni kupunguza mwendo kabla.

Ukilinganisha na ndugu yake Subaru BRZ wa kizazi hicho hicho, springi za BRZ ni ngumu zaidi mbele na laini zaidi nyuma, kwa hiyo pua yake hugoma kidogo zaidi ya 86, lakini linatulia. Nimeendesha la rafiki yangu. Kwa safari ya kila siku kazini ningelichagua hilo, kwa jioni za uwanjani nabaki na langu.

Nalipatia gari nyota nne na nusu. Nusu imekatwa na kiti cha nyuma, ambacho mke wangu alikaa mara moja kutoka Sharjah hadi Al Ain na hataki tukizungumzie. Ile stebilaiza nene niliifungua, iko stoo. Anayeitaka kwa bei ya chuma chakavu aseme, mafuta ya kuja kuichukua ni juu yake.