Kwa Mathe, Lunga Lunga: chapo madondo safi na ule mkebe wa vifuniko

Wasee wa Industrial Area hapa Nairobi mnaolia kila siku ati hakuna mahali pa kula lanchi bila kumaliza mshahara, kuna kibanda upande wa Lunga Lunga Road, ile ya mabati ya bluu imebanwa katikati ya kinyozi na duka la maji. Haina jina, watu huita tu kwa Mathe. Nimekula hapo kitambo sasa nikaona wacha niandike, juu kila mtu nampeleka huniuliza maswali yale yale.

Chakula kwanza. Chapo ni ile laini ya kukunja ikakunjika, 20 bob, na haijalowa mafuta mpaka uanze kutafuta tishu. Madondo ni 50, yameiva, karoti na dhania ziko, supu nzito ya kuchovya. Chapo mbili na madondo ni 90 na utashinda umeshiba mpaka jioni. Ndengu ziko, ugali sukuma iko, matumbo pia, na hayo matumbo yameoshwa wacha niseme ukweli, sijawahi kutafuna mchanga hapo. Githeri ya Jumatatu siwezi kusifia, mahindi bado yanapigana na meno. Chai ina tangawizi ya ukweli, si ile ya pakiti.

Sasa ile kitu ya vifuniko. Ukifika unalipa kwanza kwa kijana hapo mlangoni, kesh ama till, halafu anakupea kifuniko cha soda kimepakwa rangi nyekundu ya kucha. Kifuniko cha matumbo ni kijani. Hiyo ndio risiti yako, unaenda nayo dirishani, unapeana, unapakuliwa. Unaweza kula hapo mwezi mzima ukidhani ni mambo ya hesabu tu, ati kuzuia vijana wa kupakua wasicheze na pesa. Lakini angalia vizuri hapo kwa tangi la kunawa mikono, kuna mkebe wa Kimbo umefungwa na waya kwa nguzo, na ndani ni vifuniko vile vile, rangi ile ile. Ukiambia kijana "niachie moja" unalipa ya pili, anakupea vifuniko viwili, na wewe ukienda kunawa unatupa kimoja kwa mkebe. Mwenye hana kitu naye ananawa kama sisi wote, anachukua kimoja, anapanga laini. Mwenye anapakua hajui nani amelipa na nani ameokota, na wewe uliyekaa naye benchi moja hujui pia. Rangi ya kucha ni juu kuna wajanja walikuwa wanakuja na vifuniko vyao kutoka kwa baa.

Na sahani ni ile ile. Hii ndio mimi napenda zaidi. Kuna mahali mtu anakupea msaada lakini ni mabaki ya jana, ama anakupakulia kidogo na uso amekunja. Hapa kijana hawezi kukupunguzia hata akitaka, juu hajui ampunguzie nani.

Wateja wa mkebe wengi ni vibarua. Mwenye amefanya kazi hizo pande anajua venye asubuhi watu hujaa kwa mageti ya makampuni, msimamizi anatoka anachagua wachache, wengine wanaambiwa wajaribu kesho. Mtu ametembea kutoka Mukuru Kayaba ama kwa Reuben bila kitu tumboni akitegemea ile kazi ndio impatie chakula, sasa akikosa kazi amekosa vyote viwili, na nyumbani hataki kurudi mapema mikono mitupu. Huyo ndio anaingia hapo saa saba, anakula chapo yake, anapiga stori ya mpira, Gor na Ingwe, na watu wengine, anaenda zake.

Nilimuuliza Mathe alitoa wapi hii akili akaniambia ni Makindu. Zamani akisafiri kwenda Mombasa gari lao lilisimama kwa lile hekalu la Masingasinga, lile lilijengwa 1926 hapo kando ya barabara, mahali msafiri yeyote anakula bure bora uvue viatu na ufunike kichwa. Anasema chakula kilikuwa kitamu lakini kitu alishika ni kuona tanboi wa lori na mzee aliyeshuka na gari kubwa wamekaa laini moja wanapakuliwa dengu kutoka ndoo moja. Akarudi Nairobi akakaa nayo. Ukifikiria, hata ile Dishi na County, ile lanchi ya shule za Nairobi iliyoanza 2023, iko na akili kama hiyo, kila mtoto anagonga kibangili chake kwa mashine, mzazi ameweka shilingi 5 kwa M-Pesa, na hakuna kuitwa mbele ati wewe wa msaada simama huku. Linganisha na hawa wa kusaidia watu mbele ya kamera, wanampea mama unga pakiti mbili halafu anashikilia hiyo unga mbele ya simu dakika kumi akilia. Huyo mama watoto wake wataona hiyo video, kwani hawafikirii?

Sasa najua mtu atauliza, je wenye wako na kazi na wanaokota tu? Wako. Kuna jamaa mmoja mimi namjua ana kazi safi na nimemwona kwa mkebe, na nilikasirika, nikamwambia Mathe. Akaniangalia tu akaniambia siku mtu mzima ameamua kula cha mkebe, yeye hawezi kumfanyia mahojiano. Mimi bado sikubaliani naye kabisa, lakini kibanda ni yake.

Kitu imesambaa pia. Mwenye maji hapo kando siku hizi anaweka mitungi miwili kila asubuhi kwa wenye hawana ya kununua. Kinyozi naye akajaribu, ati ukinyolewa unaweza kulipia kichwa ya mwingine, lakini yeye ana mdomo, anatangaza kwa sauti "huyu ni wa bure!" na mkasi ukiwa hewani, sasa nani atakaa kwa hicho kiti? Watu wamemwambia. Anacheka tu.

Mabaya ya Kwa Mathe yako. Moshi wa jiko ukipeperushwa upande wenu mtatoka mkinuka kama nyama choma bila kula nyama choma, so kama una mkutano ofisini kaa benchi ya nje. Chapo huisha saa saba na nusu, ukichelewa ni ugali. Siku ya mvua mlango ni matope matupu. Na mwisho wa mwezi mkebe hujaa lakini kuanzia tarehe kumi na tano hivi huwa unakauka, nimeona mtu akichungulia ndani na kugeuka kutoka, so kama unataka kuacha kitu acha katikati ya mwezi ndio inahitajika zaidi.

Nampa nyota nne kwa tano, ile moja nimeshika juu ya githeri. Ukienda usimwambie Mathe ati nimesoma mambo yako mahali, hapendi hizo stori, atakuambia usogee anapakulia watu. Agiza, lipa, sema niachie moja kama unaweza. Na ile pilipili kwa chupa ya maji, tingisha kwanza na weka kidogo tu, iko na hasira.