Mstari C na yule kijana wa huduma kwa wateja: uzoefu wangu

Hii ni tathmini yangu ya programu ya kompyuta tunayochorea majengo ofisini. Bei na aina ya kompyuta inayotakiwa mtaziona wenyewe kwenye tovuti yao. Mimi nina la moyoni kuhusu mstari mmoja wa gridi, yaani ile mistari yenye herufi ambayo nguzo za jengo hupangwa juu yake, na kijana aliyeniambia kuhusu onyo la programu, "Ahirisha tu dada, endelea na kazi."

Nachora stracha, yaani nguzo, misingi na mifupa mingine ya jengo, hapa Arusha. Msanifu ana modeli yake ya jengo kwenye kompyuta, sisi tuna yetu, na ya kwake tunailinki, yaani tunaiunganisha ionekane ndani ya yetu. Gridi ni zake. Sisi tunazinakili na kuziwekea ufuatiliaji, ili akisogeza mstari programu itushtue. Na hapo, haki yake niitoe, inafanya kazi vizuri mno. Asogeze hata milimita 20, nikipakia upya linki yake onyo linatokea, nakubali, mstari wangu unaufuata wa kwake. Nimeisifia kwa kila mchoraji ninayemfahamu kuanzia Njiro hadi Sakina.

Balaa ni pale msanifu anapoufuta mstari na kuuchora upya. Herufi ni ileile, C, lakini kwa programu huo ni mstari mwingine kabisa na ufuatiliaji umekufa. C yangu inabaki pale pale, C yake iko kwingine. Na kwa kuwa gridi za linki tunazificha ili viduara vyenye herufi za mistari visipandane kwenye karatasi, huoni kama ziko mbili. Onyo linakuja, ndiyo, limebanwa katikati ya maonyo mengine chungu nzima, na linakutajia aina ya mstari na namba ndefu ya utambulisho. Herufi halikutajii! Nani kwenye saiti anaujua mstari kwa namba ya utambulisho?

Mimi onyo hilo nililiona, na halikunikalia sawa. Nikamuuliza msanifu, akasema hajasogeza kitu, na kweli hakusogeza, alifuta. Nikampigia wakala aliyetuuzia leseni, maana msaada wa simu tunaulipia. Nikamsomea yule kijana onyo lote. Hakuuliza ni mstari gani, hakuuliza ni jengo gani. "Hayo ni maonyo ya kawaida, ahirisha." Nikamwambia kaka, hii ni gridi, nguzo zinakaa juu yake. Akaniuliza, "Kwani wewe ni injinia au mchoraji?" Mchoraji, nikamjibu. "Basi mwambie injinia wako apige." Akakata simu. Nilibaki nimeishika, nimeiva kwa hasira, na mkandarasi anadai michoro. Michoro ikatoka.

Baada ya muda nikaitwa saiti, Moshono. Fundi alikuwa ameshanyoosha tepu juu ya kamba, kidole gumba kimebana kwenye B, mwenzake ameshika upande wa pili. Kwenye mchoro wangu B mpaka C ni milimita 4200. Kwenye wa msanifu ni 4500. "Dada injinia, C zenu haziongei." Mitaro ilikuwa imeshachimbwa, nondo za nguzo za upande huo zimeshafungwa na kusimamishwa. Zege tu ndilo lilikuwa halijamwagwa, namshukuru Mungu. Upande mzima ukafukiwa na kuchimbwa upya, vibarua wakalipwa mara mbili, na mwenye nyumba alitusema maneno ambayo alikuwa na haki ya kuyasema.

Nilikaa kuandika kwamba msiinunue. Siwezi. Kurudi kwenye kutumiana faili za mistari mitupu na kulinganisha kwa macho ni mateso makubwa zaidi, na majengo ya ghorofa yanayochorwa na ofisi tatu nne kwa pamoja hayaendi hivyo tena. Ila kuandika herufi ya mstari ndani ya onyo kunawashinda nini watu wanaotoza leseni kila mwaka? Gridi ikifutwa, programu ingepaswa kunizuia nisichapishe, siyo kuniwekea kitufe cha kuahirisha!

Kwa wanaoitumia: tengenezeni mwonekano mmoja wa kazi ambao gridi za linki hazifichwi. Zipeni rangi nyekundu, zenu ziwe nyeusi, na mufungue huo kabla ya kuchapa karatasi yoyote. Wekundu ukitokeza pembeni ya weusi, simamisheni kazi, yeyote aseme anachosema kwenye simu.

Programu ningeipa nyota nne, sasa naipa tatu. Wakala simpi hata moja, na leseni ikiisha tutanunua kwa mwingine.